Mwalimu Wadad, Kati ya Ghorofa ya Pili na ya Tatu

"Ondoa nyama yako miguuni pa mwalimu, Jorjet! Maji ya damu yanatiririkia jibini yangu."

"Jibini yako imekuja saa ngapi? Nyama yangu iko hapa tangu asubuhi. Halafu hii ngazi ni ya kwetu. Hesabu mwenyewe: vidato tisa kutoka kwangu, kumi na kimoja kutoka kwako."

"Heh! Juzi haikuwa ya kwenu. Juzi ulisimama hapahapa unapiga kelele, maiti ni wa ghorofa ya tatu, ghorofa ya tatu wamwite sheikh wao."

"Juzi nani alijua kwamba anatoa baridi?"

Jorjet wa ghorofa ya pili alikuwa na sahani ya nyama mkononi, Umm Ghassan wa ghorofa ya tatu na bakuli la jibini. Katikati yao, kwenye kiti cha plastiki cha bawabu, ameketi Mwalimu Wadad Zarrur, aliyefariki Jumanne ya wiki iliyopita. Alivaa gauni la kijani alilolichagua mwenyewe kuzikwa nalo. Ilikuwa Agosti, Ras an-Nabaa, Beirut; umeme wa serikali ulikuwa umekatika tangu juzi na jenereta ya mtaa imezimwa ipumzike. Mahali pekee penye ubaridi katika jengo zima palikuwa pale ngazini, hatua mbili kumzunguka marehemu. Chini ya kiti kulikuwa na maziwa ya watu wa ghorofa ya nne, chupa za maji na tikiti maji nusu. Mapajani mwake, ndani ya kitambaa cheupe, zilikuwa sindano za kisukari za Abu Ghassan.

Alifikaje hapo, kila mtu mtaani angekuelezea kwa furaha. Walimpeleka kwanza makaburini alikolala mumewe Munir, ambaye kabla hajafa alimsihi mchimba kaburi amwachie mkewe nafasi upande wa kushoto. Sheikh alikuwa mtu mwema. Alitoa pole, akamsifu Munir, akaomba kuona karatasi. Pale ambapo karatasi ya kila raia ina dhehebu lake, moja katika kumi na manane yanayotambuliwa na serikali, ya Wadad ilikuwa na mstari mmoja wa mshazari. Karani aliupiga kwa ombi lake mwenyewe, na siku ile Wadad alitoka ofisini akawagawia pipi watu wote wa foleni. Sheikh akarudisha karatasi, akasema haya makaburi yana wenyewe.

Siku ya pili walimpeleka kwenye kanisa alilobatiziwa. Padri naye alikuwa mtu mwema. Aliwapa kahawa chungu ya msiba, wakanywa, naye akarudisha karatasi. Siku ya tatu walikwenda manispaa, na manispaa ikasema yenyewe haina makaburi, makaburi ni ya madhehebu. Walipokuwa wakimrudisha nyumbani kwake ghorofa ya tano, lifti haikufanya kazi. Wabebaji wakaweka jeneza ngazini ili wavute sigara. Walipomaliza, Wadad alikuwa ameshatoka na kukaa kwenye kiti. Wakachukua jeneza lao, maana lilikuwa na kazi nyingine alasiri.

Siku ile hakuna aliyepiga yowe la hofu. Umm Ghassan alimwambia, "Karibu nyumbani, mwalimu," na Jorjet akaleta mto wa kuegemea. Wadad hakujibu, na hilo ndilo majirani waliloliona geni, kwa sababu alipokuwa hai hakujua kunyamaza.

Kila Alhamisi kwa miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya Bunge na kipande cha boksi kilichoandikwa NINA JINA, SINA DHEHEBU. Alirushiwa mayai, nyanya, na mara moja kiatu, alichokwenda nacho nyumbani kwa sababu kilikuwa kizuri. Alifundisha hesabu kwenye shule ya masista mpaka alipokataa kusimamia sala ya asubuhi. Akahamia shule ya jumuiya ya Kiislamu, nao wakamwachisha kwa sababu hiyohiyo, ila wao walimpa saa ya ukutani ya kumuaga. Munir alizaliwa Mwislamu na yeye Mkristo, wakapanda ndege kwenda Saiprasi wakaozeshwa na karani aliyekuwa akila andazi, kwa kuwa nchi yao huandikisha ndoa za kiserikali zilizofungwa nje lakini yenyewe haifungishi. Kwenye televisheni mtangazaji alimuuliza kama haogopi moto. "Moto gani?" akasema. "Mimi naishi Beirut." Mungu, alisema, hayupo, na hata angekuwepo asingehitaji karani wa wilaya. Jioni alikuja kucheza karata kwa Jorjet chini ya picha ya Bikira Maria, akaiba karata bila aibu.

Lakini kumwingiza ndani akiwa maiti lilikuwa jambo lingine. Akiingia kwa Jorjet, mtaa utasema Wakristo wamemchukua. Akiingia kwa Umm Ghassan, mtaa utasema Waislamu. Binti yake, Lamis, aliyekuja kutoka Montreal, alimbembeleza apande nyumbani kwake mwenyewe. Hakupanda. Alikuwa anasubiri kushuka.

Alhamisi asubuhi Lamis alipigiwa simu na mchimba kaburi. "Dada, mimi nimejitahidi. Nimeweka mawe, nimesema kuna mtu. Lakini kesho adhuhuri inakuja familia nyingine, na nafasi ni hiyo tu."

Lamis akamwita mukhtari, mkuu wa mtaa. Mukhtari Tanios ndiye aliyepigia mhuri vyeti vyote vya mtaa, vya kuzaliwa na vya kufa, na ndiye aliyemletea Wadad maua siku alipopigiwa mstari, kisha akamwambia kwamba amejitafutia balaa. Alipanda polepole, akihema, akakaa kwenye kidato karibu na marehemu na kufungua vifungo vya shati apate ubaridi.

"Mwalimu, hujambo? Unaonekana vizuri." Akamgeukia Lamis. "Iko hivi, mwanangu. Ombi la kurudishiwa dhehebu. Nitaandika tarehe ya Jumatatu ya wiki iliyopita, alipokuwa bado hai. Tukijaza la baba yako, na sheikh akishuhudia, kesho saa nne analala pale alipotaka. Kidole gumba tu."

"Angekataa," alisema Lamis.

"Angekataa, ndiyo. Angenitukana mimi na mama yangu. Lakini yeye ndiye aliyetaka kulala na mumewe. Hayo mawili hayakai pamoja nchi hii. Moja utalivunja."

Jorjet na Umm Ghassan walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake. Abu Ghassan alikohoa ndani.

"Mukhtari," aliuliza Umm Ghassan, "akizikwa kesho, zile sindano nitaziweka wapi?"

"Nyamaza wewe," alisema Jorjet. "Mtu anamzika mama yake." Kisha akatazama nyama yake.

Lamis alipiga magoti. Alisogeza sindano kando, akauchukua mkono wa mama yake. Ulikuwa baridi hata vidole vya Lamis vikafa ganzi. Wadad hakuuvuta. Alimwachia, kama alivyokuwa akimwachia barabarani zamani, wakivuka kwenda shule. Lamis alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mama. Nataka tu ukae karibu na baba." Akakichovya kidole gumba cha mama yake kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi.

Mukhtari alivaa miwani. Pale kwenye nafasi ya kidole hapakuwa na duara wala mistari ya ngozi. Palikuwa na mstari mmoja mweusi, wa mshazari, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Bonyeza tena."

Akabonyeza tena. Mstari. Wakajaribu kidole cha kushoto; mstari, umeelekea upande uleule. Mukhtari alikuwa na fomu tatu, akazitumia zote tatu. Hakushangaa. Alikunja karatasi mara nne na kuzitia mfukoni.

"Huu siwezi kuupigia mhuri," alisema. "Hii si alama ya kidole."

"Basi andika kwamba amekufa tu," alisema Lamis. "Mpe cheti. Nitamtafutia shamba, bustani, chochote."

"Cheti cha kifo kina kisanduku cha dhehebu, mwanangu. Kikiwa kitupu, mashine inakirudisha."

"Kwa hiyo atakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka wabadilishe sheria," alisema mukhtari. Alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akafunga vifungo vya shati. Alipoondoka aliiacha chini ya kiti chupa yake ya maji, na kusema ataipitia jioni.

Kesho yake adhuhuri ilifika. Lamis alikuwa ameketi kwenye kidato karibu na kiti, koti la safari mapajani. Simu ililia mara moja. Mchimba kaburi alimwambia kwamba wameshamaliza, na kwamba marehemu aliyezikwa ni bwana mmoja mzee, mkimya, hatamsumbua Munir. Lamis alishukuru. Alimfunga mama yake kifungo cha juu cha gauni, akamfuta wino kwenye vidole gumba kwa kitambaa na mate. Wino haukutoka.

Harufu ya kitunguu saumu na giligilani ikateremka ngazi. Umm Ghassan alikuwa amepika mlenda, na Jorjet, ambaye nyama yake ilikuwa imekaa vizuri sana, alipanda na sahani yake bila kuulizwa, akapita kando ya marehemu kwa adabu, akiinua gauni lisimguse. Walikuwa hawajaongea tangu jana.

"Chumvi umetia?"

"Onja ujionee, usinifundishe mlenda."

Walisogeza viti. Walihesabu sahani: Abu Ghassan, Jorjet, Umm Ghassan, na moja zaidi. Kisha Umm Ghassan akatoka mlangoni na kijiko mkononi, akainama juu ya ngazi.

"Lamis, njoo ndani ule, mwanangu, kinapoa. Mama yako hana pa kwenda."