Misingi ya Nyumba ya Vioo ya Thornleigh

Katika bustani ya jumba la Thornleigh, Enid Pickersgill na Norris Tranter walifukua mita kumi za matofali bila kusalimiana. Sisi wengine tuliojitolea kufukua misingi hiyo ya zamani tulijua sababu. Hapo ndipo iliposimama nyumba ya vioo ambamo babake Enid alilea mizabibu miaka thelathini, na Norris ndiye aliyeibomoa kwa nyundo mwaka 1952, mwenye jumba alipochoka kuitunza na kumwamuru aivunje.

Zilikuwa zimebaki ngazi mbili, vigae vyekundu vya sakafu, na bomba la chuma lililopitisha maji ya moto. Norris alipoligonga bomba kwa sururu, Enid akageuka.

"Polepole! Au mkono bado unakuwasha tangu siku ile?"

"Nifukue kwa kijiko cha chai?"

"Fukua kama mtu. Baba alirudi nyumbani kiganja kimechanika hadi mfupa. Alikuzuia, ukamsukuma kwenye vioo."

Norris akatupa sururu. "Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mama yako hakuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Enid. Nilisimama mlangoni na nyundo, nikashindwa. Baba yako akaniita mwoga, akapiga kioo cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasema, 'Haya, malizia.'"

Nilikuwa na toroli lililojaa kifusi. Nikabaki nimelishikilia vivyo hivyo.

"Mwongo," Enid akasema, lakini sauti ilikuwa imemwishia.

"Miaka sitini mmenigeuzia mgongo kanisani, wewe na mama yako. Nikanyamaza kwa heshima ya mzee. Leo basi."

"Ungekataa."

"Na baba yako je, mbona hakukataa?"

"Ungekataa, Norris! Ungeiacha nyundo hapo ukaenda zako!"

 Enid akachukua mwiko wa mwashi, akapiga magoti upande wa pili, akakwangua tope kwenye vigae kwa hasira hadi kimoja kikapasuka. Norris alikiona, akaokota sururu yake. 

Jumanne iliyofuata wote wawili walikuja. Enid alikuwa amewahi, akafunga kamba katikati ya msingi, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ukivuka hapa nitakuvunja mguu," akamwambia.

Norris akaikagua kamba kutoka mwisho hadi mwisho.

"Umeifunga kombo," akasema, akainama kufukua upande wake.