Bibi Anayesukuma Mlimani

Kila Jumamosi asubuhi napanda baiskeli iliyofungwa sebuleni kwangu Nyaishozi. Kwenye simu tunaonekana kama vikatuni, watu kumi tukishindana kupanda mlima ambao haupo popote duniani. Wenzangu wako Maskati, Nairobi, Toronto. Gumzo letu ni la Kiswahili.

Siku ya kwanza niliwaacha wote nyuma.

“Babu, unakula nini?” akauliza Mansoor wa Maskati.

“Ndizi. Halafu mke wangu, Asiimwe, ananisukuma kwa nyuma, kama tulipokuwa tukipeleka mikungu sokoni kwa baiskeli.”

Walicheka sana. Tangu hapo kila wiki wanamsalimia, nami naongeza chumvi: leo amesukuma kwa mkono mmoja, wa pili ameshika mwiko. Asiimwe nimemzika, huu mwaka wa tatu.

Jumamosi iliyopita Mansoor akasema, “Babu, washa kamera tumpe bibi shikamoo yake.”

Kidole kilifika kwenye kamera, kikarudi. Wakijua, nani tena atamsalimia?

“Ametoka kidogo,” nikasema.

“Basi tunamsubiri.”

Wote tisa wakaacha kukanyaga, wakasimama katikati ya mlima. Nami nikasimama, nikautazama mlango.