Mayai ya Vyura wa Mwaba

Avenue nzima ya mtaa wa Ruashi ilishajua kwamba vyura wa Mwaba wametaga. Aliyetangaza ni Tantine Delphine, mdogo wa mama yake, kuanzia foleni ya maji mpaka kwa waimbaji wa korali ya kanisa.

Vyura wenyewe walikuwa wawili tu, dume na jike, wadogo kama kizibo cha chupa. Bwawa walikotoka, karibu na mji wa Kambove, lilifukiwa na udongo wa mgodi, na Mwaba alizunguka kote asipate wengine. Misimu miwili ya mvua aliwabembeleza bila kitu. Huu wa tatu, ukielekea kwisha, ndipo yakaonekana mayai arobaini kwenye ute, ndani ya beseni la maji ya mvua yaliyoota ukijani.

Akaalika majirani na walimu waje Jumamosi waone kinachopotea. Asubuhi hiyo alikwenda kuazima viti. Aliporudi, chumba cha vyura kinanuka Javel, ile dawa kali ya kung'arishia nguo.

Tantine alikuwa ameinama na brashi, jasho linamtoka, furaha tele. Vyura wako salama kwenye sanduku lao la kioo. Lakini mayai aliyachota kwa kikombe, akasugua beseni, akatia maji ya bomba na Javel kidogo, kisha akayarudisha polepole.

"Bageni banakuja, mutoto yangu. Bakiona ile maji ya majani, batasema mu hii nyumba hakuna muntu anajua kusugula."

Mwaba aliyahamisha mayai mbio kwenye beseni lingine la maji ya mvua. Saa nane, uani watu wamejaa, mayai yote yamekuwa meupe kama maziwa.

Floribert wa jirani akauliza kama vyura hawa huliwa pamoja na ugali wa bukari. Watu wakacheka. Tantine, kitenge kipya kiunoni, akasimulia alivyosafisha, kisha akamwambia Mwaba aeleze watoto watatoka lini.

"Habatatoka, Tantine. Javel ilibaua."

Kicheko kikakatika. Tantine akatazama beseni, akatazama wageni.

"Basi batataga ingine," akasema kwa sauti ndogo.

"Mvua imeisha."

Jumatatu Mwaba akafunga kufuli kwenye mlango wa chumba cha vyura, katika nyumba ambayo hata chumba cha kulala hakijawahi kufungwa. Tantine akapita na ndoo yake bila salamu. Kabla ya adhuhuri avenue ilikuwa na habari mpya: Mwaba ameficha kitu mle ndani. Dume hakulia tena kumwita jike, na Novemba, mwezi wa mvua kurudi, ilikuwa mbali.