Kadi ya Laki

Ofisi ya kamusi ilinipa majaribio ya siku tatu, na mtihani wenyewe kadi moja tu. Mkuu, mzee mwenye miwani puani na nyingine kichwani, aliniambia, "Binti, andika asili ya neno laki. Ijumaa saa nne nione kadi yako. Ikiwa nzuri, kazi ipo."

Nikaona mteremko. Nikamwambia mama nimeshapata kazi, naye akawatangazia mashangazi wote.

Siku ya kwanza nikapata: laki imetoka kwenye lakh ya Kihindi, nayo ni mtoto wa laksha ya Kisanskriti. Safi! Nikafunua ukurasa wa pili, balaa. Kabla ya kuwa hesabu, laksha ilikuwa alama, kitu cha kulenga. Sasa alama iligeukaje kuwa laki nzima? Kitabu kimya. Kitabu kingine kikadai ni wadudu wanaojazana mitini na kutoa utomvu mwekundu, ule uliotuletea lakiri ya kufungia bahasha. Mtaalamu mwingine akasema samaki. Samaki, jamani! Halafu watu wa visiwa vya mbali mashariki wanalo neno hilohilo, ila kwao ni elfu kumi. Zile elfu tisini zimepotelea wapi?

"Mama, laki imetoka wapi?" nikamuuliza akiwa anakunja nguo.

"Benki," akajibu. "Na wewe ule, umekonda."

Ijumaa nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa, lakini mama ameshatangaza. Nikaandika: *Asili: alama. Hakika.* Aibu yangu.

Mkuu akaisoma polepole. "Hongera. Mimi naitafuta mwaka wa thelathini na moja huu."

Akavuta droo. Ilijaa kadi za laki, miandiko tofauti: alama, wadudu, samaki. Zote zimeandikwa *hakika*.

"Wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Hawakuajiriwa."

Damu ikanichemka. "Kumbe mtego! Siku tatu nimesoma mpaka macho yamevimba, na sijui! Sijui alama, sijui wadudu, sijui samaki. Na wewe mwenyewe hujui, Mzee!"

Nikajua nimejimaliza. Nikawaza nitamwambia nini mama, nikachukua mkoba wangu. Chini kabisa ya droo nikaona kadi iliyogeuka njano: *Samaki. Hakika.*

Mwandiko niliufahamu. Ulikuwa kwenye barua yangu ya kuitwa kwenye majaribio.

"Ndiyo, yangu," akasema mkuu. "Nilitimuliwa siku hiyohiyo. Nilimwomba mkuu wa wakati ule kadi nyingine, akaninyima. Nilirudi baada ya miaka miwili."

Akavua miwani zote mbili, akazifuta, wala hazikuwa na vumbi. Kisha akanisogezea kadi tupu.

"Andika hayo uliyonifokea."

Nikaweka mkoba chini. Nikaandika yote, na mwishoni: *sijui.* Nikatia sahihi. Akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya yangu.