Harusi Iliyoanzia Mwisho

Waporaji wa mwaka tisini na moja ndio waliokuwa wataalamu wa kwanza wa video hapa Likasi. Waliingia katika chumba changu cha kuonyeshea filamu, wakabeba televisheni, viti, mashine zote za VHS, hata pazia. Ile ya Beta, ya kanda za mtindo wa zamani, mmoja wao aliinyanyua, akaitazama, akairudisha mezani taratibu kama anayemrudisha mtoto wa jirani. Siku ile nikajua Beta imekufa.

Niliitunza hivyohivyo. Mkanda wake wa ndani ulipokatika nilikata mwingine kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kinga tunavyosema hapa, na ikaendelea kuzunguka, ingawa kwa kulalamika.

Miaka mitatu baadaye akaja shemeji yangu Kabedi, mjane wa kaka yangu Damas, na kanda ya Beta aliyoifunga ndani ya kitenge. Ilikuwa harusi ya binti yao Reine. Picha za karatasi za Damas anazo; sauti yake ilibaki mle tu.

"Ruphin, banasema mashine yako njo ya mwisho ku Likasi."

"Ya mwisho, na imezeeka kama weye, shemeji."

"Minye mukanda yangu haiyakatika."

Joachim, muuza unga, alikuwa ameniazima mashine yake ya VHS na televisheni mpaka jioni, ili tuinakili harusi ile. Kanda tupu tulikuwa nayo moja, ya saa mbili. Harusi ilipita saa tatu, kwa sababu kila mgeni mwenye zawadi alicheza kutoka mlangoni hadi mezani bila haraka yoyote.

Nikamweleza Kabedi: "Tukirekodi kwa mwendo wa kawaida, picha inatoka safi, lakini tukate watu. Tukirekodi kwa mwendo wa polepole, bote bataingia, lakini nyuso kama zimepakwa bugali, na sauti kama mutu iko anasemea ndani ya bidon tupu ya maji."

"Tukate nani? Mama Émérence na sufuria yake?"

"Atakuja hapa kuidai sufuria."

Akacheka, kisha akaacha. "Damas anatokea wapi?"

"Ku mwisho kabisa, pale anabariki bana, Reine na mume wake."

"Na ile mupira ya kinga itafika ku mwisho?"

Nikafungua kifuniko, nikamwonyesha ule mpira: ulikuwa umeanza kupasuka pembeni. 

"Basi, anza na yeye. Mwendo ya kawaida. Bengine batafuata na bidon yabo."

"Shemeji! Harusi itaanza na watu banaaga, itamalizika na bibi harusi anaingia kanisani!"

"Reine anajua vile aliolewa. Mutoto yake njo hajui sauti ya nkambo yake Damas."

Nikapeleka kanda ya Beta mbele mpaka mwisho, nikairudisha kidogo, nikabonyeza. Damas akatokea na suti yake ya kahawia, kidole juu. Kamera nilikuwa nayo mimi siku ile, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishika. Picha ilikuwa inayumba. Alibariki watoto, akanitazama.

"Ruphin, juu ya nini unanipiga picha minye tu? Piga Kabedi. Uso yangu anaijua."

Nami, mdogo mtiifu, nikamwacha kaka nikageukia mke wake. Kabedi wa kwenye televisheni alijifunika kwa kitambaa akicheka, na sauti ya Damas, safi kama yuko chumbani, ikaendelea bila uso: "Toa ile kitambaa, mama. Batu baone kile nilipata."

Kabedi wa kwenye kiti alivuta kitenge mpaka machoni. Namna ileile.

Baraka zikaisha. Nikarudisha Beta nyuma, nikabadili mwendo, nikaanza na zawadi. Mama Émérence alikuwa katikati ya ukumbi, sufuria kichwani, ndipo mpira wa baiskeli ukakatika.

"Usihangaike, nitakata mwingine," nikasema. "Kanda bado iko na nafasi kubwa. Kanisa lote litaingia."

Kabedi hakunisikiliza. Alitoa kanda ya VHS, akachukua bisibisi yangu, akavunja kile kidude cha plastiki mgongoni ambacho kikitoka mashine haikubali tena kurekodi juu yake.

"Shemeji! Umeharibu zaidi ya nusu ya kanda! Siku hizi zinapatikana wapi?"

"Ile nafasi ni ya Damas," alisema, akiifunga ndani ya kitenge. "Hata ku kitanda alikuwa analala katikati."