Alama za Ubavu wa Saba

Mimi hasira zangu ziko puani, sifichi. Mwandishi wa historia ya kiwanda chetu cha meli aliniambia, tena mbele ya mafundi wenzangu, eti wanawake hawakuwahi kupiga ribiti hapa, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabamba ya meli. "Walifagia tu, dada." Walifagia! Bibi yangu na wenzake wanne, sasa marehemu, walizipiga ribiti za moto mwaka mzima, wanaume walipopelekwa vitani.

"Ushahidi?" akauliza.

Ushahidi ulikuwa chelezoni, pale meli zinapopandishwa nchi kavu: meli kuukuu waliyoijenga mwaka huo, imerudishwa ikatwe iwe chuma chakavu. Kazi ingeanza saa sita mchana, na mkataji ni mimi mwenyewe. Bibi alisema kila mpiga ribiti aligonga alama yake kwa tindo chini ya ribiti ya mwisho. Yake nukta tatu, ndani, upande wa kushoto, ubavu wa saba wa kiunzi cha meli.

Kufika saa tano, mimi na mwandishi tulikuwa tumeukwangua ubavu wa saba hadi chuma kinang'aa. Patupu! Hata mkwaruzo hamna. Akafunga daftari. "Wazee husahau, dada. Na kitabu kinakwenda mtamboni kuchapwa kesho."

Roho iliniuma. Nikatoka mbio hadi getini, alikoketi Bibi kwenye kiti cha plastiki, miaka tisini na moja, kofia yangu ngumu kichwani.

"Bibi, hakuna kitu!"

"Mmehesabu kuanzia wapi?"

"Omo, kule mbele. Kama kawaida."

Alicheka mpaka kofia ikamfunika macho. "Kawaida ya nani? Sisi tulianza kujenga nyuma, kwenye tezi, na mbavu tukazihesabu kutoka huko huko. Na wewe unajiita fundi!"

Wee! Sikungoja amalize. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikaingia tumboni mwa meli, nikahesabu kutoka tezi kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Moja, mbili... saba. Nikakwangua. Rangi nyekundu, rangi ya kijivu, kutu. Nukta. Nukta ya pili. Ya tatu! Nikapiga ukelele mafundi wakadhani nimeungua. Na pembeni yake zimejipanga nyingine nne: mwezi, msumari, samaki, duara.

Wenzangu walimbeba Bibi pamoja na kiti chake hadi ndani ya meli, wakiimba. Mwandishi alikuwa ameshapiga magoti, anachora alama zile, jasho linamtoka.

"Nisamehe, Bibi," akasema. "Nipe jina lako kamili."

Bibi hakumtazama. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mwezi, kwenye msumari, kwenye samaki, kwenye duara.

"Anza na hawa wanne," akasema. "Mimi niandike mwisho. Mimi bado nina mdomo."