Rangi ya Maji Juu ya Mafuta

Mama Rangi alikuwa anafinya brashi ndani ya kopo la mafuta ya taa, uchafu mweusi ukimtoka katikati ya vidole, aliposikia gari likizimwa mbele ya karakana. Hakuinua kichwa. Alikuwa na misalaba mitatu ya kumaliza siku hiyo: miwili ya watu asiowajua, na mmoja wa mwanawe.

Wa kulea, ndiyo, lakini kulea nako ni kuzaa. Dada yake alifariki akamwachia mtoto bado anatambaa. Mama Rangi akamlisha uji kwa kijiko, akamfundisha kusimama kwa kushika ukingo wa benchi lilelile la kusugulia mbao. Mtoto akakua, akaota ndevu, akawa anapiga mluzi tangu anaamka mpaka analala, hata watu wakasahau jina lake la ubatizo, wakamwita Mluzi. Akapata kazi kiwanda cha unga, ng'ambo ya reli. Akaoa. Akapewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Na mwanzoni mwa wiki hii mkanda wa kinu ukamdaka mkono wa shati, ukamvuta, na mpaka wenzake wanaifikia swichi hapakuwa na mtu wa kuokolewa tena.

Mkanda ule ulikuwa na kifuniko chake cha bati. Kilifunguliwa kabla ya mvua zilizopita, kikaegemezwa ukutani kumsubiri fundi wa kuchomelea. Fundi hakuitwa. Kuku wa mlinzi wakapata mahali pa kutagia nyuma yake. Mluzi alikuwa akija Jumapili anasimulia: "Mama mdogo, nimemwambia tena msimamizi. Unajua kanijibu nini? 'Nyie fanyeni kazi, Mungu yupo.'" Wakacheka wote wawili.

Sasa walioshuka garini walikuwa Bwana Utumishi wa kiwanda, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na nyuma yake Mchungaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole sana kwa msiba," alisema Bwana Utumishi. "Ndiyo hivyo. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mama Rangi alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, taratibu.

"Ya Mungu haina," alisema. "Ya kiwanda je?"

Fundi Misumari, mwenye karakana, aliyekuwa anapiga randa pembeni, akapaliwa na mate yake mwenyewe.

Bwana Utumishi akampita. Alikwenda moja kwa moja penye msalaba uliosimamishwa ukutani ukaushwe na upepo. Ulikuwa msalaba mzuri, mbao zake nene, umepakwa rangi nyeupe ya mafuta mara mbili. Herufi nyeusi zilikuwa zimesimama wima kama askari. Juu, jina la marehemu. Kwenye ubao wa kukingama, maneno haya: ALIUAWA NA MKANDA USIO NA KIFUNIKO.

"Hii nini?"

"Msalaba."

"Msalaba nauona. Nauliza haya maneno."

"Ndicho kilichomuua. Ulitaka niandike malaria?"

Mchungaji akasogea, akamwekea mkono begani, mkono mwepesi wa mtu aliyezoea misiba ya wenzake. "Mama yangu, uchungu wako tunauona. Lakini msalabani si mahali pa ugomvi. Tuandike neno la faraja, kama wanavyoandika wengine. 'Tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi.'"

"Zaidi yangu mimi?"

"Zaidi yetu sote."

"Mchungaji, huyu mtoto alikuwa mdogo hivi," Mama Rangi akashusha kiganja mpaka usawa wa goti, "akaona moto wa jiko unang'aa, akaenda kuushika. Mimi nikaacha brashi, nikaruka benchi hili, nikamdaka. Ona kovu, ni la msumari wa siku ile. Mimi ninayempenda kidogo. Huyo anayempenda zaidi alikuwa wapi mkanda unamvuta?"

"Njia zake hazichunguziki, mama."

"Hazichunguziki! Lakini kiwanda kikishaua mtu, nyie mnazijua kabla maiti haijapoa. Kununua bati kuliwashinda, mkamweka Mungu pale awe kifuniko."

"Unakufuru sasa."

"Kati yangu na wao, nani kakufuru?"

Bwana Utumishi akatazama saa yake.

"Tusizungushane, mama. Jeneza limetolewa na kiwanda. Gari la kumtoa mochwari ni la kiwanda. Na yule binti, mkewe, kisheria chumba si chake tena, tumemwacha mpaka mwisho wa mwezi kwa huruma tu. Mwenye kiwanda mwenyewe anakuja makaburini na shada lake la maua. Akikuta maneno haya, mimi sitakuwa na uwezo wa kumsaidia binti. Leo hiihii atatolewa vyombo nje. Na kichanga kile atakipeleka wapi?"

Hapo ndipo Mama Rangi alipokiweka kitambaa benchini. Mtu anaweza kushindana na mkono wa mwenzake, lakini si mkono ulioshika shingo ya mjukuu.

Bwana Utumishi akaona amepata. Akamwita dereva, ndoo ikashushwa. "Futa, andika aliyosema Mchungaji. Rangi hii hapa, ilibaki tulipopaka ukuta wa ofisi. Msije mkasema hatukuchangia."

Mama Rangi alifunua mfuniko, akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akanusa.

"Hii ni rangi ya maji. Msalaba umepakwa mafuta. Hazipatani, haitashika."

"Leo itashika?"

"Leo itashika."

"Basi. Ishike leo." Akarudi garini. Mchungaji akamfuata, akisema kwa nyuma kwamba Mungu atafariji. Gari likaondoka, vumbi lake likatua juu ya misalaba ya wale wawili asiowajua.

"Miaka yote nasema hii ndiyo biashara nzuri, mteja harudi kulalamika," alisema Fundi Misumari. "Kumbe anayerudi kulalamika ni aliyemuua." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akavuta droo, akatoa karatasi ya msasa, ile yenye chenga kubwa. "Haya, dada. Mwenye nguvu mpishe. Tuzikwangue herufi, tuuparuze ubao, hapo hata hiyo rangi yao itang'ang'ania."

Mama Rangi akaupokea msasa. Akauzungusha kwenye kijiti, akapiga magoti mbele ya msalaba. Alikuwa bado hajagusa herufi ya kwanza wakati mke wa Mluzi alipoingia, mtoto mgongoni, mkononi shati jeupe lililokunjwa, la kumvalisha marehemu. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini makavu. Alisoma ubao wote, midomo ikichezacheza.

"Mama, mbona na msasa?"

Wakamweleza. Jeneza, gari, chumba, mwisho wa mwezi, ndoo.

"Chumba?" Alicheka kicheko kimoja kibovu. "Kakuambia huruma? Jana walikuja mtu na mkewe, wakapima dirisha langu kwa ajili ya pazia lao, mimi nimekaa kitandani namnyonyesha mtoto. Hata pole hawakunipa, walidhani nimeshahama. Funguo wanao. Nikinyamaza natoka, nikipiga kelele natoka."

"Lakini hizi siku chache ni siku, mwanangu," alisema Mama Rangi. "Una kichanga."

"Ukipaka bila msasa itakuwaje?"

"Itashika leo. Mvua ya kwanza itateremka yote, kama maziwa. Chini patabaki nilivyoandika."

"Na mvua ni lini?"

"Mvua haina kalenda. Inaweza kuja mwezi ujao, umeshahama salama. Inaweza kuja kesho, wakakutoa na vyombo vyako kwenye matope."

Yule binti alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga. Kisha akainama, akaweka kiganja chake juu ya msasa.

"Acha, mama. Paka hivyohivyo."

Mama Rangi akapaka. Nyeupe juu ya nyeusi, mara tatu, mpaka lile neno MKANDA likafifia, likapotea. Kisha akaandika maneno ya Mchungaji, kwa rangi yao aliyoitia weusi wa masizi ya jiko. Aliziandika herufi kwa uzuri wote wa mkono wake, zenye mikia, kama za duka la tajiri. Hakutaka mtu apate sababu ya kuugusa.

Alasiri hiyo makaburini, mwenye kiwanda alivaa miwani myeusi na kusimama mbali kidogo na udongo, akilinda viatu. Bwana Utumishi aliutazama msalaba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mchungaji akausomea umati: tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi. Wafanyakazi wa kinu, unga bado umewakaa masikioni, wakaitikia Amina huku wakitazama chini. Walikuwa wanajua. Kesho yake wangeingia zamu mbele ya mkanda uleule.

Koleo zilikuwa zinamalizia kuinua tuta upepo ulipogeuka. Wingu zito lilikuwa limetoka nyuma ya majengo bila mtu kuliona, likaja na ubaridi wake. Mchungaji akainua mikono haraka.

"Bwana, tunakusihi, izuie mvua hii kidogo tu, watoto wako wamalize kwa heshima!"

"Amina!" umati ukajibu.

Tangu siku ya kinu Mama Rangi alikuwa hajamsemesha Mungu hata neno moja, kama mtu aliyegombana na jirani. Sasa alifumba macho. Hakumwita Baba, hakumwita Bwana.

"Wewe," alisema kimoyomoyo. "Kama kweli ulimpenda zaidi, nyesha."

Alipofumbua macho, aliona mkwewe ameshamfunika mtoto kichwa kwa kanga, naye anautazama msalaba, akingoja.